Koti la Mvua Siku ya Jua

Kragø, 2 Aprili 2019

Wifi yangu Ragna,

Keti kwanza. Umeketi? Meli ya kifalme inakuja Kragø! Si kisiwa cha jirani, si mji wenye bandari kubwa. Hapa kwetu, Jumanne tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi. Barua ilimfikia meya jana, na kwa kuwa jana ilikuwa siku ya wajinga hakuna aliyemwamini. Mama wa duka la mikate alimwambia usoni, "Nenda kawadanganye watoto wako." Leo ameibandika barua yenyewe kwenye dirisha la duka, na watu wamesimama mbele yake kama wanasoma matokeo ya mtihani.

Kamati ya mapokezi iliundwa kabla ya chakula cha mchana. Tuko saba. Mwenyekiti ni Kjærulff, yule nahodha mstaafu wa kivuko. Bado anazungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo ameegesha gari vibaya melini. Atakayeongoza hurra tisa za kumshangilia Malkia ni yeye, hilo halikupigiwa hata kura. Mimi ni wa nne katika mstari. Wa nne, Ragna! Malkia atapita hatua mbili kutoka kwenye pua yangu.

Azimio la kwanza: kamati nzima ivae nguo za rangi nyeusinyeusi, zisizopiga kelele. "Sisi ni fremu," amesema Kjærulff, "yeye ndiye picha." Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimekubaliana naye. Nitashona koti jipya. Nimekuwekea humu vipande vitatu vya kitambaa, unichagulie. Sikuandika rangi zake. Nani amfundishe Ragna rangi?

Na wewe unakuja, hilo si swali. Jana nilifungua shajara yangu ya mwaka 1972, tarehe 15 Januari. Nimeandika: "Baridi kali. Umati mkubwa mbele ya ikulu. Malkia mpya ametoka roshanini. Nimejuana na dada mmoja wa Viborg, mjuaji sana, na kaka yake aliyebeba chupa ya kahawa." Sikuandika ulichoniambia, lakini sijakisahau. Sisi wengine tulimwona binti aliyefiwa na baba, amevaa nyeusi. Wewe ulininong'oneza, "Mtazame anavyosimama ndani ya hiyo nyeusi. Huyo anajua kwamba mtu wa nyuma kabisa naye amekuja kumwona." Kisha kaka yako akanimiminia kahawa, na mengine unayajua.

Sasa dau letu. Mimi nasema atashuka na buluu. Wewe je? Atakayeshindwa ataoka keki ya lozi ya Mwaka Mpya, ile ya pete zinazopandana, zote kumi na nane.

Wifi yako,
Vibeke


Viborg, 15 Aprili 2019

Wifi,

Nilikuwa nimeketi. Sasa nimesimama, na jirani wa chini amegonga dari yake kwa ufagio.

Buluu! Miaka arobaini na saba na bado hujajifunza kitu. Bandarini, mbele ya maji ya buluu na bendera na watu saba waliovaa kama wako matangani, avae buluu ili apotee? Nasema nyekundu ya rasiberi. Si damu, si tofali. Matunda yale ya rasiberi ya marehemu kaka yangu kwenye ukuta wa kusini, siku mbili kabla ya kuiva kabisa. Anza kununua lozi.

Vipande vyako nimevipata. Cheusi kinafaa. Hivyo vingine viwili ni vya nini?

Ila nakuonya kitu kimoja: usithubutu kutoka na lile koti la kitambaa cha mpira. Najua bado unalo. Malkia alishonewa koti la mvua kwa kitambaa cha mezani chenye maua, akapendeza, na nchi nzima ikacheka kwa furaha. Wewe ukashika mkasi ukavua meza yako ya jikoni. Mkono wa kushoto uliukata vibaya, maua yote yamesimama kichwa chini. Kaka yangu alikuwa akikuona nalo anauliza kama chakula kiko tayari.

Kuhusu kuja, tutaona. Goti langu linanisumbua, na kivuko nacho kina ngazi nyingi.

Ragna


Viborg, 16 Aprili 2019

Signe mwanangu,

Hii ni barua ya shangazi kwa mtoto wa kaka yake, tena muuguzi, kwa hiyo una viapo viwili vya kunyamaza. Mama yako asijue neno hata moja.

Goti langu ni zima. Ni macho. Wanasema macho hayana pazia, yangu yameshonewa. La kushoto lilianza wakati wa baridi mwaka juzi, doa dogo katikati, nikadhani ni miwani chafu. Sasa nikimtazama mtu usoni, uso ndio unaotoweka. Jumapili nilizungumza na kasisi nikaona masikio mawili na ile kola yake ya mikunjo. La kulia linafuata njia hiyohiyo. Daktari hapendi kutaja tarehe, lakini nilipombana alisema nisitegemee sana macho haya kufika Mwaka Mpya.

Mama yako ameniletea vipande vitatu vya kitambaa. Nilivipeleka dirishani. Vyote vilikuwa vyeusi, Signe. Mimi, niliyeuza nyuzi za sufu miaka thelathini na minane, niliyeweza kumwambia mteja kuwa nyuzi zake ni za pipa lingine la rangi kabla hajavua glavu. Nikabahatisha. Natumaini kimoja kilikuwa cheusi kweli.

Unajua nini kinaniuma? Kila Januari mama yako huniandikia: "Nimeitazama hotuba ya Malkia ya Mwaka Mpya, sasa niambie alivaa nini." Ana televisheni kubwa kama mlango na macho ya tai, lakini mpaka nimwambie mimi ndipo huwa ameona. Rangi gani, mkunjo wapi, bruchi ipi ya kifuani, ile ya ua jeupe au nyingine. Hiyo ndiyo kazi yangu katika ukoo huu. Kaka yangu alikufa, nikabaki na kazi hiyo.

Nataka kumwona Malkia mara moja zaidi, akiwa amesimama, akiwa na upepo kwenye kofia. Nataka sana mpaka nashindwa kulala. Lakini mama yako akijua, ataniwekea kiti mbele na blanketi magotini, na kamati nzima itakuja kunishika mkono. Sitaki kwenda kuonwa nikiwa simwoni.

Niambie nifanye nini.

Shangazi yako,
Ragna


Kragø, 29 Aprili 2019

Ragna,

Nimesubiri siku kadhaa ili hasira ipoe, nayo haijapoa.

Hakukuwa na kipande cheusi. Kulikuwa na buluu ya usiku, kijani cha chupa na zambarau iliyokolea. Nilizunguka mji wa Svendborg mchana mzima kuvitafuta. Wewe hata bahasha hukuifungua vizuri. "Cheusi kinafaa. Hivyo vingine ni vya nini?" Kama huoni maana ya mapokezi haya ya kisiwani, sema. Kama kamati yetu inakuchekesha, sema pia, hutakuwa wa kwanza. Lakini usiniambie goti. Oktoba uliniandikia kwamba ulizunguka ziwa lote la Viborg kwa miguu na ukampita kijana mwenye mbwa.

Tangu Ejnar wangu afe umefika hapa mara mbili tu. Nilidhani ni kwa sababu kaburi linakuumiza. Sasa nafikiri ni mimi ninayekuchosha.

Nimechagua buluu ya usiku mwenyewe.

Vibeke


Odense, 3 Mei 2019

Shangazi,

Nimesoma barua yako ndani ya treni nikapitiliza kituo.

Kwanza, sitamwambia mama. Sipendi, lakini sitamwambia.

Pili, goti ni uongo mbaya. Mama huandika kila kitu. Atakuwa ameshakukamata.

Tatu, nisikilize, hii ni kazi yangu. Katikati ya jicho ndiko kunakokufa. Pembeni bado kuko hai. Wodini kwangu kuna mzee mmoja fundi saa, ana tatizo kama lako, na anacheza karata. Amejifunza kutotazama karata. Anaitazama taa, na karata zinajileta zenyewe pembeni. Weka chungwa dirishani. Usilitazame. Tazama pazia lililo kando yake, tulia, usilifukuze kwa jicho. Fanya hivyo kila siku hadi Septemba.

Rangi hafifu zitakuponyoka, lakini rangi kali utaipata. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha nikiwa na miaka sita, nikiwa nimekaa juu ya kaunta ya duka lako: Malkia havai rangi kali kwa kujishaua, anavaa ili mtu wa nyuma kabisa asirudi nyumbani bure. Basi mtu wa nyuma kabisa mwaka huu ni wewe.

Nitachukua likizo. Tutasimama kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya forodha, pale bandarini. Hakuna kiti, hakuna blanketi, naapa.

Signe


Viborg, 20 Juni 2019

Wifi,

Umeshinda. Nakuja. Nitafika na Signe kwa kivuko cha asubuhi, na nitaondoka na cha saa nane mchana siku hiyohiyo.

Masharti yangu: nitasimama nyuma, kwenye ukuta wa nyumba ya forodha. Usinitafutie nafasi mbele. Usimtume mtu kuniletea chochote, hata kikombe cha kahawa. Wewe kaa kwenye mstari wako, kuwa fremu.

Hunichoshi. Usirudie kuandika ujinga huo.

Kwenye kifurushi kuna shali, kwa ajili ya upepo wa bandarini. Nimeifuma mwenyewe, mistari ya buluu na kijani cha majani ya msonobari, iendane na koti lako. Na bado nasema rasiberi.

Ragna


Kragø, 7 Julai 2019

Signe mwanangu,

Nakuuliza jambo, na nataka unijibu kama mtu mzima.

Shangazi yako ameniletea shali. Imefumwa vizuri kama kawaida yake, hakuna uzi hata mmoja uliolegea. Buluu, kijani, buluu, kijani, na kuanzia mstari wa sita, kahawia. Buluu, kahawia, buluu, kahawia, hadi mwisho, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwanzoni nilikasirika. Nikasema, ndiyo hivyo, amenimalizia mabaki ya kapuni. Nikaitupa kitini. Kisha nikakaa nikaitazama, na kahawa ikapoa.

Ragna hawezi kukosea rangi, Signe. Mwaka uliozaliwa wewe alikataa kuja ubatizoni mpaka nibadilishe utepe wa kofia yako, kwa sababu nyeupe yake na nyeupe ya gauni hazikuwa "za mama mmoja". Mtu huyo hawezi kufuma kijani na kahawia kwenye shali moja na kuituma. Kama ameituma, hakuiona.

Halafu nikakumbuka vile vipande vitatu, na "cheusi". Na jinsi Krismasi alivyomwaga maziwa pembeni ya kikombe akacheka peke yake. Na nafasi ya nyuma, ukutani, na kivuko cha saa nane.

Haoni, sivyo? Niambie.

Mama


Odense, 10 Julai 2019

Mama,

Niliapa kutosema. Kwa hiyo sisemi.

Nakupenda. Shali ivae tu.

Signe


Kragø, 18 Agosti 2019

Wifi yangu,

Shali imefika zamani, na ninaivaa ndani ya nyumba wakati wa joto kama kichaa. Ni nzuri kuliko zote ulizowahi kunifumia. Asante.

Masharti yako yote nimeyakubali. Hakuna kiti, hakuna kahawa. Nitakaa kwenye nafasi yangu ya nne wala sitakupungia mkono.

Kisiwa kimepata wazimu. Kila nyumba ya barabara ya bandari imepakwa rangi, na ile ya mchuuzi wa samaki imepakwa mara mbili kwa sababu mkewe aliona ya kwanza inafanana na ya jirani. Milingoti ya bendera imesuguliwa. Tumejenga lango la matawi ya msonobari mwanzo wa gati, kama lile mlilotujengea wewe na majirani alfajiri ya harusi yetu ya fedha, miaka ishirini na mitano ya ndoa, mkanitoa kitandani kwa tarumbeta nikiwa na vibana nywele kichwani. Malkia atapita chini yake. Kjærulff amelipima kwa kamba. Ana wasiwasi juu ya kofia.

Mazoezi ya hurra yalikuwa Alhamisi. Tatu, kimya, tatu, kimya, tatu. Halafu ile ndefu. Mama wa duka la mikate kila mara anaingiza ya kumi peke yake. Kjærulff akasema, "Bibi, Malkia si mnada." Akamjibu kwa majina yake ya kwanza, "Poul Verner, na wewe si Malkia." Tumekosa kuelewana kuhusu keki ya sukari guru pia, lakini sitakuchosha.

Watoto wa shule watakuwa upande wa kulia na bendera za karatasi. Gati litakuwa upande wako wa kushoto. Meli itatia nanga nje, maji yetu ni ya kina kifupi, na yeye atakuja kwa boti ndogo. Atapanda ngazi, atapita chini ya lango, atafuata mstari wa kamati, kisha atapanda kilima hadi kanisani. Ukisimama pale ukutani, mnara wa kanisa utakuwa juu kidogo, kwa mbele. Nakuelezea tu ili ujue mpangilio.

Koti jipya la buluu ya usiku limekamilika. Nitakachovaa nimeshaamua. Usiniulize.

Bado nasema buluu.

Vibeke


Kragø, 4 Septemba 2019

Wifi yangu Ragna,

Ni asubuhi, bado nimesisimka kiasi kwamba nimetia chumvi kwenye kahawa, na nimeinywa yote.

Nitakuambia kwanza ya upande wangu, maana kivuko chenu kiliondoka nikiwa bado nimeshikiliwa kwenye kahawa ya meya. Niliona moshi wake tu kupitia dirisha.

Jua liliwaka. Hujapata kuona Septemba ya namna ile, hakuna wingu hata la kukopa. Saa tatu na nusu nikatoka nyumbani na koti la kitambaa cha mpira. Ndiyo. Lile lile, maua makubwa ya njano na meupe, na mkono wa kushoto kichwa chini. Nilifunga vifungo vyote. Shali yako nikaivaa juu.

Kjærulff aliponiona alisimama kama aliyepigwa na mlingoti. "Bi Vibeke," akasema, "mvua iko wapi?"

"Iko njiani."

"Tulikubaliana rangi nyeusinyeusi! Iko kwenye kumbukumbu za mkutano!"

"Niliziandika mimi, Poul Verner. Nazijua."

"Basi nenda kabadilishe. Dakika ishirini zinatosha."

Nikamwambia kwamba nikitoka kwenye nafasi yangu nitatoka na orodha ya majina ya wanaotakiwa kutambulishwa, na yeye hawajui kwa majina wajumbe watatu kati ya sita wenzake katika kamati yake mwenyewe. Akarudi kwenye nafasi yake. Lakini kila alipogeuka na kuniona alifumba macho.

Sasa umeshajua kwamba najua. Sina haja ya kueleza nimejuaje. Usimkasirikie Signe, aliapa kutosema na hakusema. Nilikuahidi kutokupungia mkono, na sikupunga. Nilitaka tu mtu wa nyuma kabisa anione.

Mengine niliambiwa baadaye, na kijiji kizima hakina hadithi nyingine. Boti lilipofika kila shingo iligeukia gati. Kila shingo isipokuwa moja. Wanasema wifi yangu wa Viborg alisimama ukutani kidevu juu, akautazama mnara wa kanisa, na Malkia wa Denmark akapita chini ya macho yake bila kupewa hata jicho moja. Mke wa mchuuzi wa samaki anasema ni mambo ya siasa. Kjærulff anasema ukoo wetu umemletea aibu mbili kwa asubuhi moja. Nilimjibu kwamba hakuna mtu bandarini pale aliyemtazama Malkia kwa bidii kuliko wewe. Alidhani nimepatwa na jua.

Na sasa sikiliza msiba wangu. Shajara ya jana nimeiandika kurasa nne. Saa ya boti, upepo wa kutoka magharibi, hurra (mama wa mikate aliingiza ya kumi), keki, kila kitu. Nikafika kwenye mstari wa "Alivaa", kalamu ikakwama. Sijui, Ragna! Miaka arobaini na saba nimengoja asimame hatua mbili kutoka kwangu, na aliposimama nilikuwa nautazama ukuta wa nyumba ya forodha nikikutafuta wewe. Nilipiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, niliona glavu, nikasikia sauti, nikarudisha macho yangu ukutani. Kama aliliona koti langu, kama alitabasamu, siwezi kukuambia. Wanaume wa kamati nimewauliza. Mmoja amesema "nguo nzuri", mwingine amesema "kofia".

Gazeti la kisiwa limeletwa asubuhi hii na picha iko ukurasa wa mbele, najua. Limekunjwa hapa mezani, nimeweka birika juu yake. Sitalifungua. Nimekuuliza kila Januari, nakuuliza na sasa.

Niambie alivaa nini.

Vibeke


Viborg, 8 Septemba 2019

Wifi,

Naandika kwa kalamu nene nyeusi ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama za watoto. Ukurasa mmoja utakula maneno machache. Vumilia, karatasi ninazo.

Kwanza nilikukasirikia, kuanzia kivuko hadi Odense. Halafu Signe akaninunulia soseji kituoni, hasira ikaisha.

Nilifanya mazoezi na chungwa miezi minne. Nilijua niutazame mnara. Kwa hiyo nikatazama mnara, na watu wakaanza kunong'ona, na nikawaacha. Pembeni chini palikuwa na weusi mmoja mrefu, ndiyo fremu yenu, nikafikiri, wamefanikiwa, hakuna kitu hapo. Nikaogopa, Vibeke. Nikafikiri jicho limekufa asubuhi hiyohiyo, limeningoja nifike hapa ndipo life.

Kisha katikati ya weusi ule nikaona meza yako ya jikoni.

Njano! Nyeupe! Inawaka kwenye jua kama mtu amefungua dirisha. Nikacheka kwa sauti, Signe akanikanyaga mguu. Nikajua jicho liko hai. Nikajua pia kwamba umejua, na wewe ni mtu wa masharti, na umeyatimiza yote, na bado umenishinda. Sikuhangaika tena kutafuta. Nilikuwa na mahali pa kuanzia. Nikajiambia, wa nne ni Vibeke, basi akimfikia Vibeke nitamwona.

Akaja.

Sasa chukua shajara yako na uandike ninavyokuambia.

Koti la urefu wa chini ya goti, limenyooka, halina mkanda. Rangi: rasiberi. Si damu, si tofali. Kwenye bega, jua lilipolipiga, ilikuwa rasiberi iliyoiva. Kwenye mikunjo ilikuwa ile ya siku mbili kabla. Kofia ya rangi hiyohiyo, ukingo umeinuliwa upande mmoja, na kitu kirefu juu yake kilichotikisika, nadhani ni unyoya. Glavu za rangi ya mchanga mkavu. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na nukta nyeupe. Siwezi kuapa kuhusu umbo lake, lakini moyo wangu umekata shauri kwamba ni lile ua. Alipofika kwako alisimama. Wengine aliwapita kwa mwendo wake uleule, kwako rangi ile nyekundu ikatulia kando ya njano yako, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Alichosema utakuwa ulikisikia wewe, kama ulikuwa na akili ya kusikiliza. Ninachojua mimi ni jinsi mlivyokuwa mmesimama. Mlipendeza, wifi. Kaka yangu angeuliza kama chakula kiko tayari.

Mkono wa kushoto bado uko kichwa chini. Hilo sikuliona, nalijua tu.

Mwaka Mpya nitakuja kwako, nitakaa hadi barafu iyeyuke bandarini, na utaniwekea kiti karibu na ile televisheni yako. Blanketi nitakubali moja. Hotuba ikianza utaniambia wewe amevaa nini, kwa hiyo anza kujifunza mapema. Usiniambie "nyekundu" ukadhani umemaliza. Ukinihitaji nikusahihishe, nitakusahihisha. Keki ya lozi utaoka wewe, pete kumi na nane, maana nimeshinda dau, na nina hakika nimeshinda.

Ila hakika hiyo ni ya pembeni ya jicho, nakuambia ukweli. Ondoa birika. Fungua gazeti.

Ragna